Sheha na Watu Wake
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Jang'ombe)



Nimeombwa niseme machache juu ya utawala wa mashamba ya Unguja. Nimechagua cheo kimoja tu, nacho ni usheha, kwani ni cha kale kuliko ofisi zetu zote, na barua zake hutufikia mezani.

Zamani mtawala wa Wahadimu alikuwa Mwinyi Mkuu. Muhammad bin Ahmad, mwenye jumba la Dunga, ndiye aliyewatoza kodi ya kichwa, na fungu moja likaenda kwa Sultani. Mkono wake vijijini ulikuwa sheha. Lakini sheha hakukata shauri peke yake. Kandoni mwake walikaa wazee walioitwa watu wanne, wenye kujua mipaka ya ardhi, na nani mzawa na nani mgeni. Muhammad alifariki mwaka 1865, na mwanawe Ahmad mwaka 1873, wala hakutawazwa mwingine. Ufalme ukaisha, sheha akabaki. Baada ya himaya ya Uingereza ya mwaka 1890, masheha wakaja kuwekwa chini ya mamudiri, wakawa wapokea amri za Serikali.

Sheria ya tawala za mikoa ya mwaka 1998 iliagiza kwamba sheha ateuliwe na Mkuu wa Mkoa kwa shauri la Mkuu wa Wilaya. Siku hizi hata sisi wa mjini tumo katika shehia, na Jang'ombe ni mojawapo. Basi uteuzi watoka juu, lakini kazi iko chini.

Nayo kazi hiyo si ndogo. Tangu sheria ya mwaka 2005 ya kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, neno la sheha limekuwa mlango. Aliyenyimwa barua hukosa kitambulisho, na asiye na kitambulisho hukwama penye daftari la wapiga kura.

Kwa hiyo yatupasa mambo mawili. Kwanza, sheha akikataa kumtambua mtu, tumtake aandike sababu, na washauri wa shehia wasikilizwe, kama walivyosikilizwa wale watu wanne. Pili, sisi makarani tusimrudishe mzee mara tatu kwa kosa la herufi moja ya jina.

Sheha wa kale aliaminiwa kwa kuwa aliwajua watu wake. Wa leo naye apimwe kwa kipimo hicho hicho.