Taa na Kiti: Maneno kwa Wenye Nyumba na Mafundi wa Kasulu na Kibondo

Nimetakiwa niseme juu ya vyombo vya nyumbani na taa. Wengi hudhani kwamba mambo haya ni ya watu wa miji mikubwa wenye fedha za kuchezea. La, sivyo. Kila mwenye nyumba ana mahali pa kuketi na mwanga wa kumwangazia usiku, na uzuri au ubaya wa vitu hivi viwili huonekana katika macho ya watoto wake na katika mfuko wake.

Neno langu ni hili: taa na kiti havichaguliwi mbalimbali. Anunuaye viti bila kufikiri mwanga utatoka wapi, na atundikaye taa bila kutazama watu wataketi wapi, wote wawili wametupa nusu ya fedha zao.

Katika nchi hii ya Buha, kwa miaka mingi mwanga wa usiku ulikuwa moto wa kuni, kisha koroboi ya bati na utambi wake, na kwa mwenye uwezo, fanusi. Karabai ilionekana siku za arusi. Koroboi ilikuwa na maovu yake. Moshi wake ulipaka ukuta masizi na kuingia puani, tena ikianguka huweza kuteketeza kitanda na nyumba. Lakini ilikuwa na sifa moja tuliyoisahau, nayo ni kwamba ilikaa karibu na kazi. Mtoto aliiweka kando ya kitabu, na mama kando ya mkeka aliokuwa akiusuka.

Mwaka 2022 umeme wa gridi ya taifa ulifika Kasulu na Kibondo, na mitambo ya dizeli ikapumzishwa. Basi tumefanya nini? Tumeichukua taa tukaipeleka juu kabisa, kwenye kenchi, chini ya bati. Nyumba nyingi hazina dari, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwanga hupanda ikapotea katika mbao na bati zilizokwisha kuwa nyeusi. Mwenye nyumba hulalamika kwamba taa haina nguvu, akanunua kubwa zaidi.

Mwanga una kanuni yake. Ukiondosha taa mbali mara mbili, mwanga unaofika haubaki nusu, bali robo. Daftari lililokuwa mita 1 chini ya taa, taa ikipandishwa hata ikawa mita 2, hupata robo tu ya ule mwanga wa kwanza. Dawa yake si taa kubwa. Mwiteni fundi wa umeme, maana waya si kitu cha kujaribia, autelemshe hata globu ining'inie kama sentimita 70 juu ya meza ya kazi. Ivisheni kofia nyeupe kwa ndani, ili mwanga wote ushuke mezani usiwachome watu machoni. Kofia hiyo si lazima itoke dukani. Wanawake wa hapa wanaosuka vikapu wanaweza kuisuka kama kikapu kilichopinduliwa, wazi kidogo juu ili joto litoke. Zamani jambo hili lingekuwa hatari, kwa kuwa globu za waya wa moto zilichoma ukindu; lakini taa za LED joto lake ni dogo. (Mwanga mweupe wa taa hizi uliwezekana baada ya kupatikana LED ya buluu, kazi iliyowapatia Akasaki, Amano na Nakamura, wote wazaliwa wa Japani, Tuzo ya Nobel mwaka 2014.)

Hesabu yake ni nyepesi. LED ya wati 9 hutoa mwanga kama globu ya zamani ya wati 60. Ikiwashwa saa 5 kila usiku kwa siku 30, hula uniti 1.35, ile ya zamani hula uniti 9. Na juu ya kasha mtaona namba yenye herufi K. 2700 ni mwanga wa manjano kama wa fanusi, 6500 ni mweupe wa baridi. Kwa chumba cha kupumzikia mimi hupenda ule wa kwanza, ingawa madukani watu hukimbilia wa pili.

Kisha ukuta. Ukuta wa udongo mwekundu hunywa mwanga, na ukuta wa chokaa huurudisha. Debe la chokaa lafanya kazi ya taa ya pili, tena halilipiwi kila mwezi. Watu wa Lamu katika nyumba zao za mawe walijenga zidaka, yaani vishubaka ndani ya ukuta, wakaweka humo vyombo vyao vya thamani. Matofali yetu ya kuchoma, ukuta ukiwa mnene, yaweza kuacha kidaka kama hicho. Kipakeni chokaa, mkaweke ndani taa ndogo. Haitaanguka wala kugongwa na mtoto.

Sasa viti, na hapa nitasema wazi hata nikichukiwa. Chumba cha mita 3 kwa 4 hujazwa seti nzima ya makochi yaliyofunikwa vitambaa, yakingoja wageni wanaokuja mara moja kwa mwezi, na mtoto anayejitayarisha kwa mtihani huandika sakafuni kwa tumbo. Meza iliyoko ni ya chai, kimo chake sentimita 45. Akiinamia hiyo saa mbili, mgongo humuuma. Kiti cha kuandikia chataka kimo cha sentimita 45 na meza yake 75. Toeni kochi moja. Mahali pake fundi aweke benchi la ukutani lenye sanduku chini ya kikalio, na meza nyembamba mbele yake, taa ikining'inia juu. Mgeni ataketi hapo mchana, na usiku ni pa mwanafunzi.

Nanyi mafundi, msitengeneze benchi hilo kwa mbao mbichi. Ubao wa unene wa inchi moja, ukipangwa kivulini na vijiti katikati upate hewa, wataka kama mwaka mzima kukauka. Asiyengoja ataona ulimi ukilegea katika tundu lake kabla mteja hajamaliza kulipa. Mninga hupendwa kwa sababu ukikauka hausogei sana, lakini mninga hukua polepole. Novemba 2022 nchi zilizo katika mkataba wa CITES ziliuingiza mninga, pamoja na mkongo na jamaa zao wa Afrika, katika orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa huangaliwa kwa vibali. Wateja wa ng'ambo na ninyi mnautafuta mti ule ule. Utumieni mahali panapoonekana na penye kubeba uzito, na sanduku la ndani lijengwe kwa msindano wa kupandwa.

Kung'arisha, msipake mawese, hata kama ni rahisi kupatikana mkoani kwetu. Mawese hayakauki, hushika vumbi na nguo. Kibondo ina nta ya nyuki. Iyeyusheni katika chombo kilichowekwa ndani ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, mchanganye na mafuta ya kitani, mpake kwa kitambaa.

Huenda mmoja wenu akasema, nguzo haijafika kwangu. Yote niliyosema hufaa kwa taa ya jua pia, tena zaidi, kwa kuwa mwanga wake ni mdogo na haufai kupotezwa. Kasulu iko kama nyuzi 4 na nusu kusini mwa ikweta, na Kibondo kama nyuzi 3 na nusu. Basi paneli ilazwe karibu sawa, ikiinama kidogo kuelekea kaskazini, nyuzi 10 hivi, ili mvua ioshe vumbi. Na isiwekwe chini ya mwembe.