Sarafu za Kale na Haki Zake

(Hotuba kwa wanachama na vijana wa jumuiya)





Katika Sura ya Al-Kahf imesimuliwa habari ya vijana waliokimbilia pangoni kwa ajili ya imani yao, wakalazwa humo miaka mingi. Walipozinduka walidhani wamelala siku moja au sehemu ya siku. Wakamtuma mmoja wao mjini na sarafu yao ya fedha, akawatafutie chakula kilicho safi. Wafasiri husimulia kwamba ni sarafu hiyo iliyowashangaza watu wa mji, kwa kuwa ilikuwa na alama ya mfalme aliyekwisha kupita zamani. Kijana mwenyewe hakujua ni muda gani uliompita. Sarafu iliyo mkononi mwake ndiyo iliyotoa habari. Kwa hiyo sarafu ni shahidi.

Lakini shahidi hamfai mtu asiyeifahamu lugha yake. Katika nyumba nyingi za Waislamu, Pwani na bara, mna kijaluba au mfuko wa kitambaa uliowekwa chini kabisa ya sanduku. Mzee anapofariki, warithi huufungua, huona vipande vyeusi visivyonunua kitu dukani, huvipeleka kwa mfua fedha, navyo huyeyushwa vikawa bangili. Mara nyingine ndugu mmoja huijua thamani yake, akanyamaza, akawanunulia dada zake kwa bei ya shaba. Kwa jambo la kwanza hupotea historia ya umma. Kwa jambo la pili huvunjwa haki ya mirathi. Dawa ya yote mawili ni moja, nayo ni kuijua sarafu kabla ya kukata shauri juu yake. Ndiyo maana kukusanya na kutambua sarafu za kale, kukifanywa kwa adabu yake, si mchezo wa kupoteza wakati, bali ni elimu inayohudumia uadilifu.

Mwenye kutaka kuitambua sarafu na atazame mambo matano: madini yake, uzito wake, maandishi na picha zake, mwaka wake, na alama ya kiwanda kilichoipiga. Baada ya hayo na aulize jambo la sita, ambalo wengi hulisahau: ilitoka wapi?

Juu ya uzito, mfano bora umo katika dola ya Kiislamu yenyewe. Waislamu wa mwanzo walitumia dinari za dhahabu za Warumi na dirhamu za fedha za Wafursi. Ilikuwa ni Khalifa Abdul Malik bin Marwan aliyeamuru mwaka 77 wa Hijra dinari ipigwe bila ya sura ya mtu, yenye maneno ya Tauhidi na mwaka tu. Na mwaka 79 ikafuata dirhamu ya namna hiyo hiyo. Wanavyuoni wamepokea kwamba uzito wa dinari 7 ni sawa na uzito wa dirhamu 10. Dinari hizo zilizohifadhiwa hadi leo, zinapopimwa, hutoka kiasi cha gramu 4.25. Kwa kipimo hicho nisabu ya dhahabu, yaani dinari 20, huwa gramu 85. Na nisabu ya fedha, yaani dirhamu 200, huwa gramu 595. Basi Mwislamu anayetoa zaka leo kwa hesabu ya gramu ananufaika na ushahidi wa sarafu zilizopigwa zaidi ya miaka 1,300 iliyopita.

Juu ya maandishi, Pwani ya Afrika ya Mashariki ina fahari yake. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe za shaba. Upande mmoja huwa na jina la Sultani, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, yakipatana kwa vina na jina lile. Aghalabu hazina mwaka, kwa hiyo mwenye kuzichunguza hulazimika kulijua jina na kuitafuta habari ya mwenyewe. Akisoma Al-Hasan bin Sulaiman, atajua kuwa huyo ndiye Sultani aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, akamsifu kwa ukarimu wake. Zimejulikana pia dinari tatu za dhahabu zenye jina lake, na sarafu yake moja ya shaba ilipatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu, mbali sana na bahari.

Juu ya mwaka, sarafu nyingi zilizomo majumbani zina tarehe ya Hijra kwa tarakimu za Kiarabu. Pesa ya shaba ya Sayyid Barghash bin Said wa Unguja ina mizani upande mmoja na mwaka 1299. Hesabu ya kuugeuza ni nyepesi, na kila kijana wa madrasa aweza kuifanya. Ugawe mwaka wa Hijra kwa 33; jibu ulitoe katika mwaka wenyewe; kisha ongeza 622. Mwaka 1299 ukigawanywa kwa 33 hupata 39. Ukitoa, hubaki 1260. Ukiongeza 622, hupata 1882. Kampuni ya Wadachi nayo, ilipoanza kupiga pesa zake mwaka 1890, iliandika jina lake kwa Kidachi upande mmoja na kwa Kiarabu upande wa pili, pamoja na mwaka wa Hijra 1307. Yaani hata mgeni aliyekuja kutawala alikiri kwa shaba yake kuwa watu wa nchi walikuwa wasomaji, na herufi walizozisoma ni zipi.

Lakini mwaka nao huweza kumdanganya mtu. Reale iliyoitwa na wazee reale ya Sham ina sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Wafanya biashara wa Bahari ya Sham na Arabuni waliiamini sarafu hiyo hata wakakataa nyingine, wakihesabu hadi lulu zilizochorwa juu ya pambo la malkia. Kwa hiyo viwanda viliendelea kuipiga kwa mwaka ule ule wa 1780, huko Vienna, na baadaye hata London na Bombay katika karne ya 20. Aliye na reale ya 1780 asikimbilie kusema kuwa ina umri wa zaidi ya miaka 200. Huenda ilipigwa babu yake akiwa kijana.

Juu ya alama ya kiwanda, hela za Wadachi ni mwalimu mzuri. Hapo kwanza rupia moja ilikuwa pesa 64. Tangu mwaka 1904 ikawa hela 100. Herufi A chini ya sarafu hizo ni ya Berlin, na J ni ya Hamburg. Lakini mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meli hazikuweza kuleta sarafu, na Wadachi wakazipiga kwa mashine za karakana ya reli karibu na Tabora. Hizo zina herufi T. Miongoni mwake mna sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, ambayo haikufika hata 17,000 kwa hesabu yake. Herufi moja ndogo, basi, inasimulia vita, njaa ya sarafu, na werevu wa mafundi.

Tena hata ulimi wa watu ni ghala la sarafu. Asemaye "sina pesa" anataja sarafu ya Kihindi; asemaye "sina hela" anataja sarafu ya Kidachi. Waganda huita fedha ensimbi, yaani kauri, kwa kuwa kauri ndizo zilizotumika sokoni huko kabla ya rupia na senti. Warundi na Wanyarwanda husema amafaranga, kwa faranga iliyoletwa na Wabelgiji. Mtoto akiulizwa maana ya maneno haya, na aonyeshwe vitu vyenyewe mkononi.

Sasa lile jambo la sita. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, wachimbaji wa mambo ya kale walipata zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha zenye majina ya watawala Waislamu wa Pwani, pamoja na dinari za dhahabu za Wafatimiya wa Misri. Kwa kuwa zilikutwa pamoja, dinari zenye tarehe zikazitolea ushahidi zile zisizo na tarehe, ikajulikana kuwa ni za karne ya 11. Kinyume chake, mwaka 1944 askari mmoja aliokota sarafu chache ufukoni katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia, na baadaye baadhi yake zikatambulikana kuwa ni za Kilwa. Hizo hazikukutwa katika tabaka la ardhi lililochunguzwa, na hakuna aliyeweza kuthibitisha zilifikaje huko. Sarafu ni zile zile za Pwani, lakini moja imesema na nyingine imebaki kimya. Kwa hiyo anayepata sarafu na aandike papo hapo: imepatikana wapi, lini, pamoja na nini, na ilikuwa ya nani. Karatasi hiyo ndogo ni nusu ya thamani yake.

Jambo hili lina hukumu zake katika sheria. Katika madhehebu ya Imam Shafi, mali iliyofukiwa ikiwa na alama za zama za kabla ya Uislamu huitwa rikazi, na hutolewa khumsi, yaani moja katika tano. Ikiwa na alama za Kiislamu, huwa ni mali iliyopotea, na aliyeipata analazimika kuitangaza na kumtafuta mwenyewe. Basi faqihi anawezaje kutoa hukumu asipoweza kuisoma sarafu? Tena serikali nazo zina sheria za kulinda mambo ya kale, na haijuzu kwa Mwislamu kuchimba kwa siri katika magofu na makaburi, akawauzia wageni ushahidi wa wazee wake.

Vile vile mkusanyaji asisahau zaka. Sura ya At-Tawba imewaonya vikali wanaolimbikiza dhahabu na fedha wasizitoe katika njia ya Mwenyezi Mungu. Na jina la "ukumbusho" halibadili fedha ikawa kitu kingine. Reale ya Sham ina gramu 28 na kidogo, na katika sehemu 1,000 zake sehemu 833 ni fedha safi. Hivyo kila moja ina fedha safi ya gramu 23 na zaidi. Mwenye reale 26 amekwisha kufika nisabu, na zikitimiza mwaka hutoa moja katika 40. Sarafu zilizochanganywa, mfano shilingi za Afrika ya Mashariki za tangu 1921 hadi 1946 ambazo robo yake ni fedha, huhesabiwa ile fedha iliyomo tu. Pesa za shaba hazina zaka, ila kwa anayezifanyia biashara. Huyo huzithamini kila mwaka kama bidhaa nyingine.

Katika kuuza na kununua, ghushi ni haramu. Muuzaji aseme aibu ya sarafu yake, na mnunuzi anayejua asimpunje asiyejua, hasa yatima na mjane. Kwa kujilinda na za bandia, itumike mizani iliyo sawa. Sarafu iliyopungua au kuzidi uzito wake sana itiliwe shaka. Isogezwe sumaku, kwani dhahabu, fedha na shaba hazivutwi nayo. Utazamwe ukingo: sarafu iliyomiminwa katika kalibu huonyesha mara nyingi mstari wa kiungo na vitundu vya hewa, na ile iliyopigwa haina.

Na katika kuhifadhi, jambo la kwanza ni kuziacha zilivyo. Wengi huzisugua kwa ndimu, majivu au mchanga zipate kung'aa. Hilo ni kumkata shahidi ulimi, kwa sababu herufi huondoka pamoja na weusi, wala hazirudi. Sarafu ishikwe kwa ukingo, si kwa uso. Kila moja iwekwe katika bahasha yake ya karatasi, pakavu, na habari zake ziandikwe juu ya bahasha.

Enyi vijana, kazi hii haihitaji utajiri. Anzeni na senti yenye tundu na hela iliyochakaa. Ketini na wazee wangali hai, muwaulize kila kimoja kilinunua nini na kilifika vipi mikononi mwao. Nanyi wazee, fungueni vijaluba vyenu mbele ya watoto wenu wote, wa kiume na wa kike, ili kila mmoja ajue kilichomo, asije mmoja akawadhulumu wenzake kesho. Sayyid Barghash aliweka mizani juu ya pesa yake. Mwenye kuiokota pesa hiyo leo na aipime kwa haki, aisome, na amkabidhi anayestahiki.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa na mali yenye baraka.