Vita ya Angani, ya Sinema na ya Kweli

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani siku ya mkutano wetu)



Nilipoombwa kusema machache niliambiwa nisiwachoshe kwa mambo ya ofisini. Basi nitazungumza habari za sinema.

Tuliosoma pamoja mtakumbuka Jumamosi ile tulipoonyeshwa bwaloni kanda ya Star Wars, sinema ya George Lucas iliyotoka mwaka 1977. Jenereta ilizimika mara mbili, wala hakuna aliyeondoka. Kijana Luke alipopita kwa kasi ndani ya handaki la ile ngome kubwa kama mwezi, akatupa kombora katika tundu dogo na ngome ikalipuka, tulipiga meza mpaka sahani zikaruka.

Mwalimu wetu wa fizikia alingoja tunyamaze, akauliza: "Huko hakuna hewa. Mlipuko mmeusikiaje? Na vile vyombo hulala ubavu kama ndege kila vikikata kona. Vinaegemea nini?" Tukacheka, lakini jibu hatukuwa nalo.

Nililipata Chuo Kikuu, kitabuni. Vyombo vile viliruka kama ndege kwa sababu viliigwa kwa ndege. Kabla picha zake za angani hazijawa tayari, Lucas aliunganisha vipande vya filamu za mapigano ya ndege za Vita Kuu ya Pili, na mafundi wake wakaufuata mwendo ule. Shambulio la mwisho nalo lilifuata mfano wa sinema ya Kiingereza, The Dam Busters, ya mwaka 1955, inayosimulia jambo lililotokea kweli.

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Mei, 1943, ndege 19 aina ya Lancaster zilitoka Uingereza kwenda kubomoa mabwawa ya Ujerumani. Bomu lao, alilolibuni mhandisi Barnes Wallis, lilizungushwa kabla ya kuachiwa, likadunda juu ya maji kama kijiwe anachokirusha mtoto ziwani, likazama kando ya ukuta, ndipo likalipuka. Ili lifanye kazi, rubani alipaswa kuruka mita 18 tu juu ya maji, usiku, huku akipigwa mizinga. Kimo alikijua kwa taa mbili zilizofungwa chini ya ndege: mianga yake ikikutana juu ya maji, hapo ndipo. Njia nyembamba, shabaha ndogo, mwenzako anaanguka mbele yako. Ndiyo ile sinema yetu ya bwaloni.

Mabwawa mawili, Möhne na Eder, yalibomoka. Ndege 8 hazikurudi. Kati ya watu 133 walioruka, 53 walikufa. Kiongozi wao, Guy Gibson, alikuwa na umri wa miaka 24 tu.

Lakini sinema yetu iliacha kitu kimoja, nacho ni maji. Maji yale yaliua zaidi ya watu elfu moja mabondeni. Mamia yao walikuwa wageni walioletwa Ujerumani kwa nguvu kufanya kazi. Walikufa kwa bomu la wale waliokuwa wakipigana na mtesi wao.

Sisemi kwamba Hitler hakustahili kupigwa. Babu yangu mwenyewe alikuwa askari wa KAR, akapelekwa Burma katika vita ile ile. Tukimwuliza habari za vita, alitueleza habari za mvua, kisha akanyamaza.

Mimi kazi yangu ni mafaili, na najua jinsi watu wanavyogeuka tarakimu upesi. Wadogo zangu, tazameni sinema, furahini. Mwalimu wetu alitufundisha kuuliza jinsi kitu kinavyoruka. Nami nawaombeni mwongeze swali la pili: chini yake palikuwa na nani?