Furaha ya Mtu na Furaha ya Mji

Nimepewa heshima ya kunena juu ya furaha, jambo ambalo kila mwanadamu hulitamani tangu utotoni hata ukongweni, na ambalo kwa sababu hiyo hiyo wengi hudhani halihitaji tafakuri. Dai langu ni kwamba furaha ya mtu haikai kifuani mwake peke yake, bali hukaa baina yake na wenziwe. Na kwa kuwa hukaa baina ya watu, mji upendao raia wake wafurahi hauna budi kuijengea mahali.

Wanazuoni wa kale walilikaribia sana neno hili. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, alishikilia kuwa hapana mtu ambaye angeridhia kuishi bila ya marafiki, hata kama angejaaliwa neema nyingine zote. Na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ambaye kitabu chake cha Kiajemi juu ya kemia ya saada, yaani furaha, huanza na mtu kuijua nafsi yake, hakumwacha msomaji akae peke yake na nafsi hiyo, bali alimfikisha kwenye ibada na kwenye muamala wa haki na watu. Zama zetu zimeongeza vipimo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, katika uchunguzi ulioanza mwaka 1938, waliwafuatia wanaume 724, baadhi yao wanafunzi wa chuo hicho na wengine vijana wa mitaa ya kimaskini ya Boston, wakiwauliza habari za kazi, siha na nyumba zao mpaka uzeeni. Wakaona kuwa wale waliokuwa radhi na jamaa na marafiki zao walipokuwa na miaka 50 ndio waliokuwa na afya njema zaidi walipofika 80.

Watu wa pwani yetu walilijua hilo kwa mikono ya waashi. Baraza la nyumba ya Mji Mkongwe wa Unguja ni jukwaa la mawe na chokaa lililoambatishwa ukutani, upande wa njia, kwa kimo cha kuketi; Lamu nako kuna daka, ukumbi mdogo mbele ya mlango, wenye viti vya mawe vinavyoelekeana. Masika yakijaza maji vichochoroni, wapita njia hupanda barazani wakavuka bila ya kuomba ruhusa. Baada ya sala ya alasiri hupita muuza kahawa na dele lake la shaba, makaa yakiwaka chini yake, akigonganisha vikombe vidogo ili ajulikane amefika. Na mwenye nyumba na mchukuzi, mwanachuoni na mvuvi, hunywa kahawa ile ile chungu, hutafuna kashata, hucheza bao, hubishana juu ya bei ya samaki na mambo ya serikali. Na mahali pa mzee fulani pakionekana patupu, huulizwa, “Leo haonekani, kulikoni?” na mtoto hutumwa akapige hodi. Swali hilo moja, kwa rai yangu, lina thamani kuliko dawa nyingi, kwani mtu ajuaye kuwa ataulizwa hawezi kuwa mkiwa kabisa.

Ni kweli kwamba baraza limekuwa zaidi la wanaume. Wanawake wamejijengea lao uani, jikoni mwa arusi, na katika vyama vya kuzikana, ambamo aliyefiwa hapikii wageni wala halali peke yake. Na huenda furaha yao imesimama juu ya msingi madhubuti zaidi, kwa sababu imejaribiwa na msiba.

Wala asidhani mtu kwamba nausifu ufukara. Mwenye njaa hashibi mazungumzo. Mwanauchumi Richard Easterlin alionyesha mwaka 1974 kuwa ndani ya nchi moja wenye pato kubwa hujiona wana furaha kuliko maskini. Lakini alionyesha pia kuwa nchi ineemekapo, furaha ya watu wake haipandi kwa kadiri ile ile. Bhutan, ambayo katiba yake ya mwaka 2008 huilazimisha dola kuitafuta furaha ya taifa, imeyaweka mambo haya mawili pamoja, mkate na ujirani, nami naona imefanya jema.

Hofu yangu ni kwa mitaa yetu mipya, ambako mtu akipata riziki kwanza huinua ukuta, akapanda vigae vya chupa juu yake, na jirani humjua kwa mlio wa gari tu. Basi nawaomba ninyi mnaosomea ujenzi na mipango ya miji, mnapochora nyumba msianze na ukuta wa nje. Na ninyi wenye viwanja, acheni dhiraa mbili upande wa njia, jengeni baraza, kisha mketi hapo jioni. Msingoje amri ya serikali.