Mapenzi ya Mazoezi Baada ya Miaka Arobaini: Mtazamo kutoka Mji wa Kale, Mombasa



Nimeombwa nizungumze katika semina hii kuhusu mazoezi kwa watu wa makamo. Mara nyingi mada hii hutufikia kupitia kwa daktari, tena kwa kutishwa: presha, sukari, kiharusi. Vitisho hivyo vina msingi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba asilimia 23.8 ya Wakenya wenye umri wa miaka 18 hadi 69 walikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Hata hivyo, nimewaona majirani zangu wa mtaa wa Kuze, hapa Mji wa Kale, wakitishwa, wakanunua raba, wakatembea siku chache, kisha raba zikasukumwa chini ya kitanda. Hofu haimfikishi mtu mbali. Ninachokitetea leo ni mapenzi: kwamba mtu wa miaka arobaini au hamsini anaweza kuyatamani matembezi yake ya alfajiri kama anavyoitamani kahawa chungu ya jioni barazani. Na mapenzi hayo huja baada ya kuanza. Anayengoja ayapende kwanza ndipo aanze, atangoja sana.

Tujiulize kwanza mapenzi hayo tuliyaachia wapi. Mji huu haukuwa wa watu wa kukaa tu. Mwaka 1965 ubingwa wa ligi ya taifa ya soka ulichukuliwa na Feisal, timu ya hapa hapa Mombasa. Bibi zetu walikuwa na vyama vya ngoma ya lelemama vilivyoshindana kwa mavazi na kwa madaha, na chakacha ya harusini ilimtoa mtu jasho mpaka kanga ikaloa. Wanaume walicheza kirumbizi kwa bakora. Hakuna aliyeyaita hayo mazoezi, na huenda ndiyo sababu yalipendwa. Kisha mtu akaoa au akaolewa, akafungua duka, akapata wajukuu, na mchezo ukahesabiwa kuwa ni mambo ya mabarobaro. Kwetu, kijana hucheza na mtu mzima hutazama. Mzee akionekana anakwenda mbio barabara ya Ndia Kuu asubuhi, ataulizwa kuna msiba wapi.

Kwa kina mama, jicho la jirani ni zito zaidi. Nimezungumza na wengi wa rika langu, na neno linalorudi ni moja: watu watasemaje? Goti linalouma, mume anayenuna, joto, yote hayo hutajwa baadaye. Mimi mwenyewe nilianza nikiwa nakaribia hamsini, na kilichonitoa ndani ni shoga yangu aliyenigongea mlango baada ya swala ya alfajiri. Nisingetoka peke yangu.

Nendeni bustani ya Mama Ngina wakati huo wa alfajiri, pale tunapopaita Laitihausi. Bustani ile ilifunguliwa upya Oktoba 2019, na wengi wetu tunaijua kwa mihogo ya jioni na madafu. Asubuhi ina watu wengine kabisa. Utawaona kina mama wawili wawili, buibui limepandishwa kidogo lisikwaze miguu, mtandio umefungwa kwa nyuma, raba chini. Wanapita chini ya mibuyu wakisimuliana ya nyumbani, na meli ya makontena inaingia mkondo wa Kilindini karibu nao kiasi cha kuyasoma maandishi ubavuni mwake. Mmoja wao, mama wa watoto wakubwa, siku zake za mwanzo alikuwa akikaa kwenye kila benchi. Hakuna aliyemhimiza wala kumcheka. Wenzake walisimama tu, wakaendelea na mazungumzo, mpaka alipoinuka. Siku hizi yeye ndiye anayewagongea wengine milango. Ukimwuliza anapenda nini, hatakutajia kilo. Atakwambia analala usingizi, na kwamba ile saa ni yake peke yake, hapana anayemwita.

Sayansi nayo iko upande wetu. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris wa Uingereza alichapisha utafiti uliolinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London. Watu wa basi moja, kazi mbili tofauti. Dereva ameketi zamu nzima, kondakta anapanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva. Sisi wa Mji wa Kale tunaishi katika nyumba za ngazi zilizosimama wima, na bado tunamtuma mtoto atuletee miwani iliyo juu. Naomba kila mwenye duka aliye humu ajitazame: ni dereva au ni kondakta?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, na angalau siku mbili za kuipa misuli kazi. Hilo la misuli tunalipuuza sana. Misuli hupungua kadiri umri unavyokwenda, na kwa wanawake mifupa hudhoofika zaidi baada ya hedhi kukoma. Kuinuka kitini bila kushika kitu, mara kumi, ukapumzika, ukarudia, ni mwanzo mzuri, na hakuna wa kukuona.

Kuhusu joto, nasema kwa msisitizo. Machi 24, 2007 kisiwa hiki kiliandaa mashindano ya dunia ya mbio za nyika, kwenye uwanja wa gofu, hapo hapo karibu na Laitihausi. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, bingwa aliyekuwa hashindiki katika mbio hizo, alishindwa na joto na unyevu wa Mombasa, akajitoa mzunguko wa mwisho, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Ikiwa bingwa alisimama, mtu wa miaka hamsini mwenye presha hana sababu ya kushindana na jua. Toka alfajiri, au jioni upepo ukishavuma. Kunywa maji. Ramadhani, tembea karibu na magharibi au baada ya tarawehe. Na pima presha kabla hujaanza, hasa kama hujawahi.

Maombi yangu kwa semina hii ni matatu. Shule za kisiwani zifungue viwanja vyao kwa kina mama asubuhi za Jumamosi, mahali penye kuta za kuwasitiri. Maimamu wetu, baada ya swala ya alfajiri, wawaambie wazee wasirudi kitandani moja kwa moja. Sauti ya imamu inasikizwa kuliko ya daktari. Na kaunti iweke taa zaidi katika vichochoro vya kutokea mitaa ya Kibokoni na Kuze hadi Fort Jesus, kwani saa kumi na moja na nusu bado ni giza, na mama akijikwaa kwenye jiwe siku ya kwanza, ya pili hatoki.