Tazameni Rangi ya Choo cha Mtoto
Nasaha za daktari wa watoto katika mkutano wa wananchi wa kata

Nimekuja kuzungumzia ugonjwa ambao wengi wenu hamjapata kuusikia, kwa kuwa hutokea kwa nadra. Lakini hapo ndipo penye hatari. Mtoto aliyezaliwa nao huweza kutibiwa malaria na minyoo kwa miezi mingi, na siku unapogunduliwa, ini limekwisha kuharibika.

Ini hutengeneza nyongo, ambayo hupita katika mfereji mwembamba hadi utumboni, ikasaidia kuyeyusha mafuta ya chakula. Nyongo hiyo ndiyo inayokipa choo rangi yake. Kwa watoto wachache, wengi wao wasichana, mfereji huo huwa umetanuka tangu tumboni mwa mama ukafanya kifuko. Nyongo hutuama humo kama maji bwawani. Maambukizi na vijiwe hufuata, na ini huanza kupata makovu. Haya hayatokani na laana, wala na kosa lolote la mama mjamzito.

Tutaujuaje ugonjwa huu? Kwa mtoto mkubwa kidogo, dalili ni maumivu ya tumbo chini ya mbavu za kulia, macho ya manjano yanayokuja na kuondoka, homa, kutapika, au uvimbe unaopapasika. Si lazima dalili zote zije pamoja.

Kwa mtoto mchanga, tuangalie zaidi manjano na choo. Manjano yanayotokea ndani ya saa 24 za kwanza ni ya kupelekwa kituoni mara moja. Yale ya siku zinazofuata aghalabu huisha yenyewe, lakini yakizidi siku 14, mtoto apimwe damu. Na choo kikiwa cheupe kama chokaa, au mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, msisubiri hata siku moja. Jua la asubuhi halifungui mfereji ulioziba.

Naharakisha hivi kwa sababu choo cheupe huweza pia kuwa dalili ya ugonjwa mwingine, ambao mifereji ya nyongo huziba kabisa. Upasuaji wake hufaa zaidi ukifanywa kabla mtoto hajatimiza siku 60. Wiki moja ya kungoja nyumbani ni wiki kubwa.

Jambo jingine: nyongo isipofika utumboni, mwili hukosa vitamini K, na damu hushindwa kuganda. Mtoto wa namna hiyo akichanjwa chale au akikatwa kimeo, huweza kutoka damu hadi kupoteza maisha. Nawasihi wazee wangu, tuache mambo hayo.

Kipimo cha kwanza ni ultrasaundi, isiyo na sindano wala maumivu. Kifuko kikionekana, mtoto hupewa rufaa kwa madaktari bingwa wa upasuaji wa watoto. Wazazi huuliza: kwa nini kisikamuliwe tu? Zamani kifuko kiliachwa mahali pake, kikaunganishwa na utumbo ili nyongo ipite. Baadaye ilibainika kwamba wagonjwa wengi walirudiwa na maambukizi, na wengine walipata saratani humo ukubwani. Ndiyo maana leo kifuko chote huondolewa pamoja na mfuko wa nyongo, kisha mfereji wa ini huunganishwa na utumbo mwembamba. Watoto wengi hukua vizuri baada ya hapo, ila kliniki ya marudio haiachwi hata mtoto akionekana mzima.

Gharama nazo zisimfungie mtoto ndani. Mkipewa rufaa na nauli au malipo yakawashinda, mwoneni Afisa Ustawi wa Jamii kabla ya kurudi nyumbani.

Ndugu zangu, sikuwaombeni muwe madaktari. Nawaomba jambo moja: kesho asubuhi, kabla ya kufua nepi, itazameni penye mwanga. Baba atazame, na bibi atazame. Mkiona weupe, ichukueni nepi hiyo pamoja na mtoto, mje nayo zahanati. Hatutawacheka, tutawashukuru.