Ujirani na Bei Yake: Tuvalu, Novemba 2023 hadi Agosti 2024



Jioni ikiingia Funafuti, mji mkuu wa Tuvalu, watoto hucheza mpira kwenye njia ya ndege. King'ora kikilia, hupisha. Ndege ikishaondoka, mpira huendelea. Kwingine hakuna nafasi: nchi nzima ni kilomita za mraba 26, na watu wake ni kama 11,000. Nchi ya namna hii inajadiliana na wakubwa kwa mtaji gani?

Novemba 2023, Waziri Mkuu Kausea Natano alitia saini na Australia Mkataba wa Falepili, neno la Kituvalu lenye maana ya ujirani mwema. Australia iliahidi kupokea Watuvalu 280 kila mwaka, yaani karibu mmoja katika kila 40, na kuisaidia Tuvalu ikikumbwa na maafa au ikivamiwa. Tuvalu nayo ilikubali kutoingia na nchi nyingine mapatano ya ulinzi, bandari au mawasiliano bila Australia kuridhia. Jirani kakupa chumba kwake, lakini funguo za lango lako sasa mnashika wawili.

Tarehe 15 Januari 2024, Nauru iliiacha Taiwan ikahamia China. Siku 11 baadaye Tuvalu, nayo rafiki wa Taiwan, ikapiga kura ya kuchagua wabunge, na magazeti ya nje yakaigeuza kura hiyo mechi ya Beijing na Taipei. Tuvalu haina vyama vya siasa. Majimbo yake 8 huchagua wabunge wawili wawili. Natano alipoteza kiti. Ikabidi wakubwa wasubiri bahari itulie, maana hali mbaya ya hewa ilichelewesha boti za kuwaleta wabunge mji mkuu. Tarehe 26 Februari wakamteua Feleti Teo, Mwanasheria Mkuu wa zamani, kuwa Waziri Mkuu bila mpinzani.

Serikali yake haikuuchana mkataba, wala haikuupokea kimyakimya. Ilidumisha uhusiano na Taiwan, ulioanza 1979. Ikayakubali malengo ya Falepili, lakini ikalalamika kwamba wananchi hawakushirikishwa vya kutosha. Tarehe 28 Agosti mkataba ukaanza kutumika, na kile kifungu cha ridhaa kimo.

Je, Tuvalu ilishindwa? Sioni hivyo. Ndani ya mkataba huohuo Australia imetambua kwamba Tuvalu itabaki dola hata bahari ikipanda. Hilo ndilo Tuvalu ililolitafuta, na mwaka 2023 ilikuwa imekwisha kuliandika katika katiba yake.

Wasiwasi wangu uko kwingine. Upande wowote unaweza kujitoa kwa taarifa ya miezi 12. Kwa maandishi, mlango u wazi. Lakini nafasi zile zikijazwa kila mwaka, baada ya miaka 10 Watuvalu 2,800 watakuwa wamevuka. Waziri Mkuu wa siku hizo, kabla ya kuiandika barua ya kujitoa, atajiuliza kwanza ndugu zake wanalala wapi.